Mtambo mdogo wa mafuta ya kunukia: kuchagua pipa, kipoozeo na kitenganishi, na kuvirekebisha vikufae

Mtu akitaka kuanza kukamua mafuta ya mchaichai, mkaratusi au makonyo ya karafuu (vijiti vinavyoshika karafuu), swali lake la kwanza huwa ni pipa: la lita ngapi, linapatikana wapi, shilingi ngapi. Pipa ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, na fundi yeyote wa kuchomelea mwenye mkono mzuri atakutengenezea. Mafuta hupotelea baada ya pipa, kwenye kipoozeo kilichozidiwa na mvuke na kwenye kitenganishi kilichotengenezwa kwa mafuta ya mmea mwingine. Huko ndiko nitakaa zaidi.

Mfano wangu ni mtambo wa pipa la lita 200, unaochukua kilo 30 hadi 40 za majani kwa mpigo mmoja. Maji yanachemka chini, majani yanakaa juu ya wavu, mvuke unapanda ukibeba mafuta, unapozwa, kisha maji na mafuta vinatengana. Viwango vya mvuke, maji ya kupoozea na kuni nitakavyotoa vinakua pamoja na mtambo: ukiamua kuongeza pipa mara tano, ongeza na hivyo mara tano.

Hatua ya kwanza: ujue mmea kabla ya kununua chochote

Unahitaji majibu matatu. Mmea unatoa mafuta kiasi gani? Mafuta yake yanaelea juu ya maji au yanazama? Yanachukua saa ngapi kutoka?

Mchaichai mbichi hutoa kama asilimia 0.2 hadi 0.5 ya uzito wake. Kilo 40 zitakupa gramu 80 hadi 200, kwa saa mbili au tatu za kupika. Mafuta yake ni mepesi, yanaelea. Majani ya mkaratusi hutoa asilimia 1 hadi 2, nayo mafuta yake yanaelea. Makonyo makavu ya karafuu yanaweza kufika asilimia 5 na kupita, yaani kilo 2 za mafuta kutoka kilo 40, lakini yanataka saa 8 au zaidi, na mafuta yake ni mazito: yanazama.

Kwa hesabu hiyo, pipa la lita 200 kwa mchaichai peke yake ni la kujifunzia. Halitalipa kuni, vibarua na usafiri. Anayetaka kuishi kwa mchaichai afikirie chombo cha lita 1,000 na shamba lililo jirani na mtambo, kwa sababu kusafirisha majani mabichi yenye asilimia 99 ya kitu usichokitaka ni hasara tupu. Kwa makonyo na mkaratusi, pipa dogo linaweza kusimama lenyewe.

Jambo moja kuhusu karafuu. Unguja na Pemba biashara yake imo mikononi mwa shirika la serikali, ZSTC, lenye kiwanda chake cha mafuta ya makonyo pale Wawi, Chake Chake. Aliyeko visiwani aulize ruhusa kabla hajakusanya hata gunia moja. Bara, karafuu hulimwa milima ya Uluguru mkoani Morogoro na upande wa Muheza, Tanga, na huko unazungumza na wakulima wenyewe.

Hatua ya pili: piga hesabu ya maji

Hii ndiyo hatua inayorukwa, kisha mtu anabaki na mtambo mzuri usiofanya kazi kiangazi.

Kwa pipa letu, moto wa wastani utatoa mvuke wa kilo 10 kwa saa. Kilo moja ya mvuke ikigeuka maji inaachia joto la kilojuli 2,257. Ongeza joto la kuyashusha maji hayo kutoka nyuzi 100 hadi 40, na kwa kilo 10 jumla inakuwa karibu kilojuli 25,000 kila saa. Joto hilo lote linapaswa kuchukuliwa na maji ya kupoozea. Yakiingia na nyuzi 27 na kutoka na nyuzi 57, kila lita inabeba kilojuli 125. Gawanya, utapata lita 200 kwa saa. Kwa maneno mafupi: kila lita inayodondoka kwenye kitenganishi inataka lita 20 za maji baridi.

Kama una kijito au mfereji unaotiririka, shukuru. Kama unategemea simtanki na pampu ya kuzungusha, fahamu kwamba tanki la lita 1,000 litapanda joto kwa nyuzi 6 kila saa. Mchaichai wa saa tatu unapita: maji yanaanza na nyuzi 27 na kuishia 45. Makonyo ya saa 8 hayapiti, maana tanki litakuwa linachemka nusu kabla hujafika mwisho. Hapo panga matanki mawili au matatu, au yaache maji ya moto yatiririke kwenye mfereji wa wazi wenye kivuli kabla hayajarudi.

Fanya hesabu hii kwa chanzo chako cha maji katika mwezi ulio mkavu kuliko yote. Ikikataa, punguza ukubwa wa mtambo sasa, ungali kwenye karatasi.

Hatua ya tatu: pipa

Nunua chuma cha pua, stenlesi ya daraja la 304. Mafuta ya karafuu yana eujenoli nyingi, kemikali inayoyapa harufu yake, na eujenoli ikikutana na chuma cha kawaida mafuta yanageuka meusi. Mnunuzi akiona rangi hiyo anashusha bei kabla hajanusa. Mabati yaliyopakwa zinki nayo hayafai, kwa kuwa asidi kidogo zilizomo kwenye mvuke wa majani huila zinki.

Sokoni wengi hupima stenlesi kwa sumaku: isiponasa, wanaridhika. Kipimo hicho hakitoshi. Daraja la 201, lenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, nalo halinasi sumaku, ni rahisi zaidi na linapata kutu mapema. Kwa Gerezani Dar es Salaam, Kamukunji Nairobi au Katwe Kampala, nunua kwa muuzaji atakayekuonyesha maandishi ya kiwandani kwenye karatasi ya bati, na uandikiwe daraja hilo kwenye risiti.

Mapipa yaliyotumika ni mtego. Pipa lililobeba dawa ya mimea, rangi au kemikali usiliguse, hata uoshwaji wake ukisifiwa vipi. Pipa la chakula la stenlesi, au keni kubwa ya maziwa kwa majaribio madogo, ni sawa. Vipipa vya bia (keg) vya lita 50 ni stenlesi nzuri, ila huwa ni mali ya kampuni za bia. Bila karatasi ya mauzo usilete kimoja uani kwako.

Ukishapata pipa, marekebisho yake ni haya. Kata kichwa chote cha juu, usiridhike na tundu dogo, kwa sababu majani yaliyopikwa hutoka yameshikana na utataka kuyatoa yote kwa mpigo mmoja. Weka wavu wa stenlesi sentimita 30 kutoka chini. Pipa la lita 200 lina kipenyo cha sentimita kama 57, hivyo kila sentimita 10 za kina ni lita 25. Chini ya wavu utapata lita 75, na unajaza 60 hivi ili maji yanayochemka yasirukie majani. Juu ya wavu weka kikapu cha matundu chenye masikio mawili ya kunyanyulia kwa chenibloku. Upande wa chini weka vali ya kumwagia, na pembeni bomba la kioo la kuonyesha kina cha maji. Usiliache hilo bomba la kioo ili kuokoa hela. Maji yakikauka majani ya chini yataungua, na harufu ya kuungua haitoki kwenye mafuta kwa dawa yoyote.

Fundi achomelee kwa gesi ya argoni, na ndani ya mshono nako kupitishwe argoni ili kusibaki magamba meusi. Brashi ya waya anayotumia kwenye chuma cha kawaida isiguse pipa lako: inaacha chembe za chuma na kutu inaanzia hapo.

Hatua ya nne: mfuniko, na hatari yake

Mtambo huu hauna kazi na presha. Watu huona mvuke wakafikiri lazima kuwe na bolti nyingi na geji. Angalia namba: mfuniko wa pipa la sentimita 57 una eneo la robo ya mita ya mraba. Presha ndogo ya baa 0.1, ambayo geji nyingi haziwezi hata kuisoma vizuri, inausukuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 260. Bati la pipa halikuundwa kubeba hilo.

Kwa hiyo ninapendekeza mfuniko wa mtaro wa maji. Fundi anazungushia mdomo wa pipa mtaro wa kina cha sentimita 15. Ukingo wa mfuniko unazama sentimita 10 ndani ya maji ya mtaro huo, kisha kulabu nne zinaushika usinyanyuke. Mvuke hauvuji, hakuna gasketi ya kununua, na njia ikiziba mahali, mvuke unasukuma maji ya mtaro nje na kutoroka kabla presha haijapanda. Kazi yako ni kuongeza maji ya mtaro kila baada ya muda, maana yanapungua kwa joto.

Wanaotaka flenji (ukingo bapa) na bolti watumie gasketi ya tefloni. Mpira wa kawaida hunywa mafuta, huvimba, na harufu ya karafuu ya leo utaikuta kwenye mchaichai wa kesho. Na wafunge vali ya usalama inayofunguka yenyewe.

Kati ya pipa na kipoozeo usiweke vali yoyote ya kufunga, kwa sababu yoyote ile. Bomba la mvuke liwe la inchi 2. Kwa kilo 10 za mvuke kwa saa, bomba hilo linapitisha mvuke kwa mwendo wa mita 2 na nusu kwa sekunde. La inchi 1 linausukuma mara nne ya hapo, na kipande cha jani kikikwama ndani yake umepata tatizo. Lifunge kwa sufi ya kuzuia joto au hata kamba ya katani iliyopakwa udongo.

Hatua ya tano: kipoozeo

Namna mbili zinafaa. Ya kwanza ni bomba lililosokotwa ndani ya pipa la maji. Kwa joto tulilohesabu, bomba la milimita 22 linataka urefu wa mita 7 hadi 8. Ya pili ni kifungu cha mabomba saba yaliyonyooka ndani ya ganda moja, maji yakipita nje yao. Ya pili ni ghali zaidi kwa fundi, lakini unaweza kuingiza brashi na kusafisha, na ndiyo ningechagua kwa mtu anayepanga kubadilisha mimea.

Bomba la kusokota lijazwe mchanga mkavu kabla ya kukunjwa lisibonyee. Likishasokotwa, literemke mfululizo kutoka juu hadi chini. Likiwa na tumbo hata moja, maji yatatuama hapo, mvuke utayasukuma kwa mikupuo, na kitenganishi kitavurugika. Maji baridi yaingie chini na ya moto yatoke juu. Hayo ya moto usiyamwage yote: yatumie kujaza pipa kwa mpigo unaofuata, utaokoa kuni.

Shaba inavutia kwa kuwa mafundi friji wanayo na inakunjika kirahisi. Kwa makonyo na majani ya mdalasini iepuke, mafuta yanabadilika rangi. Popote utakapounga kwa kuyeyusha risasi, acha: madini ya risasi ni sumu na yatasafiri hadi kwenye chupa. Pwani kuna jambo la zaidi. Maji ya visima vyenye chumvi huitoboa stenlesi 304 matundu madogo madogo, hasa yakiwa ya moto. Kama kisima chako kina ladha ya chumvi, gharamia daraja la 316 kwa sehemu zinazogusa maji hayo.

Kupima kama kipoozeo kinatosha, shika bomba la kutokea kwa kiganja. Liwe la uvuguvugu, nyuzi 30 hadi 40. Likiushtua mkono kwa joto, mafuta yanaondoka na hewa. Punguza moto au ongeza maji. Na ukisikia harufu kali imetanda banda zima, hiyo ni bidhaa yako inayoruka.

Hatua ya sita: kitenganishi

Hapa ndipo mitambo ya kununua ikiwa imekamilika huangusha watu wengi, kwa sababu huja na kitenganishi cha mafuta mepesi, naye mnunuzi ana makonyo.

Tengeneza chombo cha stenlesi cha lita 6 hivi, kipenyo sentimita 18, kitako kikiwa na umbo la koni. Kwa lita 10 za maji kwa saa, kila tone litakaa humo zaidi ya nusu saa, muda unaotosha kutulia. Kinachodondoka kutoka kwenye kipoozeo kisianguke moja kwa moja juu ya uso wa maji. Kipitie faneli ambayo mguu wake umezama na kupindwa kuelekea pembeni, ili mafuta yaliyokwisha tengana yasikorogwe tena.

Kisha toboa njia tatu, na chombo kimoja kitahudumia mimea yote. Chini kabisa kwenye koni weka vali: huko ndiko mafuta mazito ya karafuu yanakokusanyika, nawe unayafungulia taratibu mpaka uone maji. Juu kabisa weka mdomo wa mafuta mepesi. Njia ya tatu ni ya maji: bomba linaloanzia kati ya chombo, chini ya uso, linatoka nje na kupanda hadi karibu na usawa wa ule mdomo wa juu.

Kimo cha bomba hilo ndicho kinaamua kila kitu. Mafuta ya mchaichai yana uzito wa kama 0.89 ukilinganisha na maji. Tabaka la mafuta la sentimita 10 linakaa juu zaidi ya usawa wa maji kwa sentimita moja na kidogo tu. Maana yake mdomo wa mafuta uwe juu ya mdomo wa maji kwa sentimita moja hadi moja na nusu. Ukizidisha, mafuta hayatafika mdomoni na yataanza kutorokea kwenye bomba la maji; ukipunguza, utachota maji pamoja na mafuta. Mwambie fundi aweke kiungo cha kuzungusha ili bomba la maji lipandishwe na kushushwa kwa mkono, maana gramu 200 za mchaichai ni tabaka la chini ya sentimita moja, nalo litafika mdomoni ukilipandisha bomba tu; na upande mmoja wa chombo aweke kioo kirefu. Mtu akiwa na kioo hicho anajifunza kazi kwa mipigo michache.

Kwa makonyo, njia ya kati ina faida nyingine. Mafuta ya karafuu hayazami yote. Sehemu yake, hasa mwanzoni mwa mpigo, ni nyepesi na inaelea kama utando. Kitenganishi kinachomwaga maji kutoka juu kinaumwaga utando huo nje siku nzima bila mwenyewe kujua. Kikimwaga kutoka kati, utando unabaki, na jioni unaukusanya na kuuchanganya na wenzake wa chini.

Hatua ya saba: rudisha maji pipani

Kwa mkaratusi unaweza kuiruka hatua hii. Kwa makonyo usiiruke. Eujenoli inayeyuka kidogo kwenye maji, gramu 2 na zaidi kwa lita. Inaonekana si kitu, lakini saa 8 za lita 10 ni lita 80, na ndani yake kuna gramu 160 au zaidi za mafuta ambayo ungeyamwaga mtaroni, kutoka kwenye mavuno ya kilo 2.

Dawa yake ni bomba dogo kutoka mdomo wa maji wa kitenganishi kurudi pipani, chini ya wavu. Liwekee kona ya U inayobaki imejaa maji, mvuke usije ukarudi nyuma kupitia humo. Na kitenganishi kiwe juu ya usawa wa maji ya pipani kwa sentimita 40, ili uzito wa maji ushinde msukumo wa mvuke. Hapo utaona faida ya kuchimba tanuri ardhini badala ya kulijenga juu: pipa linakaa chini, kupakia ni rahisi, na kipoozeo hakihitaji jukwaa la kupanda kwa ngazi. Faida ya ziada ni kwamba pipa halikauki, kwa hiyo lita 60 ulizoanza nazo zinatosha hadi mwisho.

Hatua ya nane: moto

Mvuke wa kilo 10 kwa saa, kwa tanuri la wastani, utakula kilo 6 hadi 7 za kuni kavu kila saa. Jiko lililofungwa vizuri, lenye bomba la moshi na mlango wa kurekebisha hewa, linapunguza. Majani na makonyo yaliyokwisha pikwa yaanikwe. Yakikauka ni kuni. Boila ya pembeni inayoleta mvuke kwa bomba inapendeza, lakini isubiri: ni chombo cha presha, Tanzania kinakaguliwa na OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, na hakimfai anayeanza.

Kitenganishi na chupa za mafuta zikae upande wa pili wa ukuta, mbali na mdomo wa tanuri. Mafuta ya mkaratusi hasa hushika moto kirahisi.

Hatua ya tisa: kuwasha mara ya kwanza

Osha kila kitu kwa maji ya moto na sabuni, kisha pika maji matupu kwa saa mbili na uyanuse yanayotoka. Rudia mpaka yasiwe na harufu ya grisi ya fundi. Tumia muda huo huo kutafuta panapovuja: nyufa ndogo kwenye viungo vya mfuniko wa flenji zibwe kwa donge la unga wa ngano, linakauka kwa joto na kubanduka kirahisi baadaye.

Mpigo wa kwanza wa mmea, pima kila kitu: uzito wa majani, saa ya kuwasha moto, saa ya tone la kwanza, ujazo wa maji kila dakika 30, na mafuta ya kila kipindi kwenye chupa yake. Mafuta mengi hutoka mapema, halafu yanapungua. Daftari litakuonyesha saa ambayo kuni zinazidi thamani ya mafuta, na hiyo ndiyo saa ya kuzima kwa mmea wako na pipa lako. Majani yashindiliwe sawasawa, hasa kando ya ukuta wa kikapu, la sivyo mvuke utachimba njia moja na kuacha mengine mabichi.

Mafuta yatulie usiku mmoja, yaondolewe maji ya mwisho, yachujwe na kuwekwa kwenye chupa nyeusi za kioo au chombo cha stenlesi, kimejazwa hadi juu. Plastiki nyingi huyeyushwa na mafuta ya karafuu.

Kabla hujawasha moto huo wa kwanza, pita kwa mtendaji wa kijiji, au sheha kwa walioko Zanzibar, umweleze unachojenga. Mtambo huu kwa macho hauna tofauti na wa gongo, na Tanzania kutengeneza pombe ya moshi bila leseni ni kosa la jinai. Pata leseni ya biashara, pita SIDO kwa ushauri wa karakana na TBS kwa viwango vya bidhaa. Kwa walioko Kenya milango ni KIRDI na KEBS. Barua zenye mihuri zitundikwe bandani, mahali ambapo anayeingia ataziona kabla ya kuuliza.